Vincent van Gogh, aliyeanza na miaka 27

Katika masomo yetu tunasikia kila mara: mimi sijui desini, sikuzaliwa nayo. Basi tusikilize habari ya Vincent van Gogh, Mholanzi, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1853.

Katika 1879 alihubiri kwa wachimbaji wa makala ya mawe kule Borinage, Ubelgiji. Aliwagawia nguo zake, yeye mwenyewe akalala juu ya majani makavu. Wakubwa wake hawakupenda vile, wakamuachisha kazi. (Sisi tunaona walikosea, lakini tuendelee.) Mwaka 1880 akashika kreyo. Mkono ulikuwa mzito bado: watu aliowachora walisimama kama miti. Akapata karatasi 60 za mfano za Charles Bargue, akaziiga zote, akiisha akarudia tena.

Alitamani kuchorea magazeti. Mwaka 1882, kule Den Haag, baba yake mdogo alimuagiza desini 12 za mji kwa gulden 30. Kaye ndogo alitembea nayo. Nne zinatunzwa hata leo Amsterdam. Mbele ya kumaliza picha ya watu wenye kula viazi, 1885, alichora vichwa vya wakulima karibu 40. Na bado rafiki yake Van Rappard aliidharau sana ile picha! Vincent alikasirika, lakini hakuacha.

Mdogo wake Theo ndiye aliyemtumia feza. Juni 1890 Vincent alimuomba zile karatasi za Bargue, apate kuziiga tena. Alikufa tarehe 29 Julai, na miaka 37.