Akuku wa Ndhiwa na mafungu ya wajane

Ukitoka Rongo kuelekea Homa Bay, ukifika Rodi Kopany ukakata kuingia Ndhiwa, uko nchi ya marehemu mzee Ancentus Akuku Ogwela, aliyejulikana Kenya nzima kwa lakabu ya Akuku Danger. Sisi huku pwani twajua mwisho wanne. Yeye alioa zaidi ya mia moja, na wengi akawaacha akiwa hai. Watoto walikuwa wengi hata akawajengea shule na kanisa. Alifariki Oktoba 2010, umri umepita miaka 90.

Mzee kama huyo akifa, mjane hupata nini? Kwa mila ya Waluo, kila mke ana nyumba yake na shamba lake, na mali ya nyumba ile huwaendea wanawe. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, nayo hufuata nyumba: huhesabiwa watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huongezwa kama mmoja wao. Mwenye watoto sita, nyumba yake hupata mafungu saba. Mwenye mmoja, mawili. Kwetu, kwa kadhi, wajane wote hugawana thumni moja ikiwa marehemu ameacha watoto.

Hesabu ni mbalimbali, lakini mlango ni mmoja: mjane lazima athibitishe kuwa alikuwa mke. Aliyeolewa bila cheti wala mashahidi hufukuzwa na mashemeji kabla matanga hayajaisha. Mama zetu, tunzeni vyeti vya ndoa. Na nyinyi waume, msiwaachie wake zenu kesi.