Tata Raphaël, padri aliyeutafutia mpira wa shule uwanja, fedha na walimu

Mwaka wa shule unapoanza, walimu wa michezo katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura hukabiliwa na maswali yanayojirudia. Ni nani atakayenunua mipira na jezi? Ni nani atakayekubali kubaki na vijana baada ya masomo ilhali hakuna malipo ya kazi hiyo? Na je, uwanja uliochezewa mwaka jana ungali wazi, au umekwisha kujengwa nyumba? Cibitoke, iliyopakana na Kinama, Kamenge na Ngagara, ni miongoni mwa mitaa yenye watoto wengi na nafasi finyu, na maswali hayo si mageni kwa wakazi wake.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, padri mmoja Mbelgiji alikabiliwa na maswali ya namna hiyo katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Alikuwa mwalimu wa shule, na watu wa mji huo walimwita Tata Raphaël, yaani Baba Raphaël kwa Kilingala. Jina lake lingali juu ya mojawapo ya viwanja mashuhuri zaidi barani Afrika. Maisha yake yanaonyesha jinsi mpira wa shule unavyoweza kusimama bila bajeti ya kuaminika, na pia yanaonyesha gharama ya kumwachia mtu mmoja na wafadhili wake uamuzi wote.

Kutoka Bruges hadi mto Kongo

Raphaël de la Kéthulle de Ryhove alizaliwa mwaka 1890 katika eneo la Bruges, magharibi mwa Ubelgiji, katika ukoo wa kikabaila. Alijiunga na shirika la wamisionari wa Scheut, lililokuwa limeanza kupeleka mapadri Kongo tangu mwaka 1888. Aliwasili Kongo mwaka 1917, wakati nchi yake ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yameingia Usumbura na kuwaondoa Wajerumani. Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, hivi kwamba Usumbura na Léopoldville zikawa chini ya sera moja ya kikoloni. Ndiyo sababu simulizi la padri huyu halimhusu Mkongo peke yake.

Alipofika, makao makuu ya koloni yalikuwa bado Boma, karibu na bahari. Léopoldville ulikuwa mji unaokua kwa kasi, uliojaa vibarua, mabaharia wa mtoni na makarani vijana waliotoka majimbo ya mbali. Serikali na makampuni yalihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kupiga hesabu, na shule za misioni ndizo zilizowaandaa. Padri Raphaël alipewa kazi ya kufundisha katika shule hizo, na kazi hiyo aliifanya kwa takriban miaka arobaini.

Mwalimu huyo hakuona kwamba wajibu wake unamalizika kengele ya mwisho inapolia. Aliwakusanya wanafunzi katika michezo, naye akaamini kuwa kijana anayejifunza kutii kanuni za uwanjani atajifunza pia kutii kanuni za maisha. Mwaka 1919 alianzisha chama cha michezo kwa vijana Waafrika, ambacho baadaye kilipewa hadhi ya kifalme na kujulikana kama Association Royale Sportive Congolaise. Kilichoanza kama burudani ya wanafunzi kikawa ligi ya mji mzima, yenye makumi ya timu zilizogawanywa kwa madaraja. Wazungu walikuwa na ligi yao wenyewe, kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulitenganisha viwanja kama ulivyotenganisha mitaa.

Fedha zilitoka wapi

Tangu miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za wamisionari Wakatoliki wa Kibelgiji. Ruzuku hiyo ilikusudiwa hasa masomo. Mpira ulilazimika kutafuta riziki yake kwingine. Padri Raphaël akawa mtu wa kubisha hodi: ofisini kwa wakuu wa serikali, katika makampuni ya biashara na usafirishaji, na kwa Wabelgiji wenye uwezo waliomfahamu kwa sababu ya ukoo wake. Mashindano yalipoanza kuvuta umati, viingilio navyo vikawa chanzo cha mapato.

Tofauti yake na wafadhili wengi wa michezo ni kwamba hakuridhika na msaada unaokwisha pamoja na msimu. Alitaka ardhi na majengo. Mwaka 1937 Léopoldville ulipata uwanja ulioitwa Reine Astrid, kwa kumbukumbu ya malkia wa Ubelgiji aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1935. Ni malkia huyohuyo ambaye jina lake lilipewa mji wa Astrida, leo Butare nchini Rwanda, ambako vijana wa Burundi, akiwemo Mwanamfalme Louis Rwagasore, walikwenda kusoma. Kuita uwanja kwa jina la malkia kulikuwa heshima, lakini pia kulikuwa hekima ya mtafuta fedha, maana ni vigumu kwa ofisa wa serikali kuutupa mkono uwanja wenye jina la familia ya mfalme.

Fedha hizo hata hivyo hazikuja mikono mitupu. Makampuni yalitaka wafanyakazi watulivu. Utawala ulitaka vijana wa mjini waonekane wako wapi siku ya Jumapili alasiri. Kanisa lilitaka kuwaepusha na vilabu vya pombe. Padri Raphaël alikubaliana na mengi ya hayo. Aliwapenda wanafunzi wake, lakini aliwapenda kama mzazi anayewaona wanawe kuwa bado wadogo, na uongozi wa juu wa chama ulibaki mikononi mwa Wazungu.

Ng’ambo ya mto, Brazzaville, katika koloni la Wafaransa, wachezaji Waafrika walionja ukali wa utaratibu wa namna hiyo. Mwaka 1936 shirikisho lililosimamiwa na Wazungu liliamua kwamba Waafrika wacheze bila viatu. Wachezaji wengi walikuwa makarani na mafundi walioweza kununua viatu vyao wenyewe, nao waliuona uamuzi huo kuwa dharau. Walipinga, na baadhi wakaiacha ligi hiyo. Aliyeshika mfuko na kalamu ndiye aliyetaka kuamua hata kitakachovaliwa mguuni na mtu mzima.

Walimu na wasimamizi walitoka wapi

Swali la pili lilikuwa la watu. Timu moja ya shule inaweza kusimamiwa na mwalimu mmoja mwenye moyo, lakini ligi ya mji mzima haiwezi. Inahitaji makocha, waamuzi, makatibu wa kuandika orodha za wachezaji na watu wa kusimama mlangoni. Padri Raphaël hakuwa na mishahara ya kuajiri jeshi hilo lote.

Hazina yake ilikuwa wanafunzi waliomaliza shule. Mwaka 1925 alianzisha chama cha waliosoma kwa mapadri wa Scheut, kilichojulikana kwa kifupi kama ADAPES. Wanachama wake walikuwa makarani wa serikali, watunza hesabu wa makampuni na walimu. Walikuwa na kazi iliyowalipa mchana, walikuwa na ujuzi wa kuandika na kupanga mambo, na walikuwa na deni la shukrani kwa shule yao.

Mfano bora ni Jean Bolikango. Alianza kufundisha katika shule ya misioni mjini Léopoldville mwaka 1926 na akaendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliongoza ADAPES, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Cyrille Adoula, aliyekuwa waziri mkuu wa Kongo kuanzia mwaka 1961 hadi 1964. Katika chama hicho, watu waliozoea kuamriwa ofisini walijifunza kuongoza mkutano, kupiga kura na kutunza daftari la michango. Wakoloni hawakukusudia kuandaa viongozi wa nchi huru, lakini vyama vya waliosoma viliwaandaa.

Mwaka 1936 padri huyo alianzisha timu iliyoitwa Daring, ambayo baada ya kubadilisha majina inajulikana leo kama Daring Club Motema Pembe. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1994, miaka miwili tu baada ya Vital’O ya Bujumbura kufika fainali ya kombe hilo na kushindwa na Africa Sports ya Abidjan.

Jambo kama hilo lilitokea pia Élisabethville, leo Lubumbashi, mji ambao wapenzi wa mpira wanaozungumza Kiswahili wanaufahamu vizuri. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto waliokuwa wakiendesha Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi waliunda timu ya wanafunzi iliyoitwa Saint-Georges. Miaka michache baadaye wamisionari walijitenga na uongozi wake, na timu ikalazimika kutafuta mlezi mwingine. Ilimpata katika biashara ya matairi, ikachukua jina la Englebert lililokuwa chapa ya matairi hayo. Kwa jina la Tout Puissant Englebert ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo ni TP Mazembe. Timu ya shule iliyoachwa na walezi wake haikufa, lakini ililipa kwa jina lake.

Uwanja mkubwa na kipenga cha mtu mwingine

Mwaka 1952 ndoto kubwa zaidi ya Padri Raphaël ilitimia. Ulifunguliwa uwanja wenye uwezo wa kuchukua makumi ya maelfu ya watazamaji, mmojawapo wa viwanja vikubwa kabisa Afrika wakati huo, ukapewa jina la Mfalme Baudouin. Mwalimu aliyeanza na wanafunzi wachache sasa aliona umati wa mji mzima ukiketi jukwaani. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa takriban miaka 65, akiacha shule, vyama, timu na viwanja.

Lakini swali moja hakuwa amelijibu: wenye mpira ni akina nani? Jibu lilianza kusikika mwaka mmoja tu baada ya kifo chake. Mwezi Juni mwaka 1957 timu ya Ubelgiji, Union Saint-Gilloise, ilikuja kucheza na kikosi cha Léopoldville katika uwanja huohuo. Mwamuzi alikuwa Mbelgiji. Alipoyakataa mabao ya wenyeji, mashabiki waliona kwamba kipenga kimepigwa kwa ajili ya rangi ya ngozi. Wageni walishinda, na baada ya mchezo hasira ikamwagika barabarani. Watu walijeruhiwa na magari yakavunjwa. Tarehe 4 Januari 1959, maelfu ya mashabiki waliokuwa wakitoka uwanjani walikutana na wafuasi wa chama cha ABAKO waliokuwa wamezuiwa kufanya mkutano wao. Machafuko yaliyofuata yaliutikisa utawala wa Ubelgiji, na mwaka mmoja na nusu baadaye Kongo ikawa huru. Uwanja uliojengwa ili kuwatuliza vijana uliwakutanisha wakatambua wingi wao.

Baada ya uhuru uwanja uliitwa 20 Mai, na ndipo Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Utawala wa Mobutu ulipoanguka mwaka 1997, uwanja ulipewa jina la mwalimu wa zamani. Jina la mfalme liliondolewa, jina la mwalimu likarudishwa na Wakongo wenyewe.

Cibitoke inapata nini katika simulizi hili

Hakuna anayetamani kurudi katika zama za padri mmoja anayeamua kila kitu. Hata hivyo mambo mawili aliyoyaona yangali kweli. La kwanza ni kwamba jezi huchakaa na mpira hupasuka, lakini kiwanja kilicholindwa huwafaa wajukuu. Wakazi wa kaskazini mwa Bujumbura wana ushahidi wa karibu: Kituo cha Vijana Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mitaa sita ikiwemo Cibitoke, kiliendelea kuwakutanisha vijana wa Kihutu na Kitutsi katika michezo wakati vita vilikuwa vimewatenganisha mitaani.

La pili ni kwamba shule isiyoweza kuajiri kocha huenda tayari imekwisha kumlea. Katika kila ekofo na kila lise wamo waliomaliza miaka kumi iliyopita, wakiwa leo walimu, wafanyabiashara au mafundi, wanaojua mchezo na wanaoishi hatua chache kutoka shuleni. Wengi wao hawajawahi kuombwa.

La tatu ndilo ambalo Padri Raphaël hakulifanya. Hesabu za fedha na haki ya kuamua zinapaswa kuwa mikononi mwa jamii yenyewe: wazazi, walimu na waliosoma hapo, kwa daftari linalosomwa mbele ya wote. Mfadhili akija, akute kamati. Akiondoka, aiache kamati. Na kabla ya kuhesabu jezi, kamati hiyo ingefaa kuuliza hati ya kiwanja iko kabati gani, na imeandikwa kwa jina la nani.