Safari ya Ozi: Kumfuata Fumo Liyongo Kwao

Kila mwezi wa Novemba, wananchi wa Peru humiminika katika mji wa Puno, kando ya Ziwa Titicaca, zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Huko huigizwa jinsi Manco Cápac na Mama Ocllo, waasisi wa ukoo wa Wainka, walivyotoka majini. Hapana anayedai aonyeshwe cheti cha kuzaliwa cha Manco Cápac. Watu wanasafiri ndani ya nchi yao wenyewe kuyafuata masimulizi yao, basi.

Sisi nasi tunaye shujaa wa majini, ila hatumwendei. Wanafunzi wetu wa fasihi humsoma Fumo Liyongo vitabuni, wakazikariri sifa zake za kishujaa kwa ajili ya mtihani, kisha wakaamini kwamba aliishi katika nchi ya hadithi isiyo na barabara. Ilhali mtu aliyeko Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, yuko katika kaunti ile ile ya Liyongo. Hola kwa wengi ni jina la kambi ambamo wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa tarehe 3 Machi 1959, na ni haki jina hilo likumbukwe hivyo. Lakini ukiufuata mto kusini hadi Garsen, kisha ukaelekea pwani, utafika Kipini na Ozi, na hapo ndipo yalipo masimulizi ya mtu huyu.

Ni nani basi Liyongo? Wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa kuhusu wakati alioishi, na sioni faida ya kuongeza tarehe yangu juu ya zao. Neno Fumo si jina bali ni cheo cha kifalme, nacho kilidumu katika ukoo wa Wanabahani hadi kwa Fumo Bakari, mtawala wa Witu aliyefariki mwaka 1891. Masimulizi yanayojulikana zaidi ni yale yaliyotungwa kuwa utendi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na kuhaririwa baadaye na Abdilatif Abdalla mwaka 1973. Humo Liyongo ni mtu wa Shaka, mrefu ajabu, mwenye nguvu zisizo kifani, tena malenga. Wapo wanaoitambua Shaka hiyo kuwa Shanga ya kisiwani Pate. Wengine, nami nimo, huona kwamba magofu ya Shaka ya bara, jirani na Ungwana na Kipini, yanaafikiana vyema zaidi na mtu anayefunga safari kwenda Pate.

Safari hiyo ndiyo chanzo cha mkasa wote. Wagala walikwenda Pate kununua chakula, wakasikia habari za Liyongo, wakataka kumwona kwa macho yao. Akaitwa. Akafika na mkoba wake begani, akautua na kuanza kutoa vitu: kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu, hata mafiga. Wageni wakastaajabu, wakaomba mbegu yake. Liyongo akaozwa mke wa Kigala, akapata mwana. Mfalme wa Pate naye akaingiwa na hofu ya kiti chake, na tangu siku hiyo akawa hana kazi ila kutafuta njia ya kumwua.

Kwanza aliwatumia Wasanye na Wadahalo, waliokuwa marafiki wa Liyongo mwituni. Wakapanga kula makoma kikoa, kila mmoja akwee mkoma kwa zamu, ili zamu ya Liyongo itakapofika apigwe mishale akiwa juu. Liyongo hakukwea, aliyaangusha makoma kwa mishale yake, wakala, njama ikavunjika. Kisha akaitwa Pate katika ngoma ya gungu, akakamatwa na kufungwa minyororo. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakala kizuri wakamwachia makombo. Ndipo alipomwimbia Saada wimbo wenye mafumbo: mama afanye mkate wa wishwa na atie tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate wa wishwa, wakampa. Akaomba apigiwe gungu kabla ya kufa, na katikati ya kishindo cha ngoma akakata minyororo. Mwalimu anayetaka kueleza kazi ya fumbo katika ushairi wa Kiswahili hahitaji mfano mwingine: hapa fumbo ni uhai wa mtu.

Yaliyoishindwa kazi hiyo yote, mwana aliyaweza. Mfalme alimwahidi binti na cheo, naye akamwuliza babake ni kitu gani kimdhurucho. Liyongo aliyatambua makusudio, lakini akamjibu kwamba ni sindano ya shaba kitovuni. Mwana akamchoma usingizini. Liyongo akainuka na upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale na kuvuta, akafa katika hali hiyo. Mji ukakosa maji siku kadhaa kwa kumhofia maiti, hadi mamake alipokuja kumsihi na mwili ukaanguka. Mwana hakuozwa binti wala hakupewa cheo.

Hebu msomaji azihesabu jamii zilizomo katika kisa hiki kimoja: Waswahili wa Pate na Ozi, Wagala ambao leo twawaita Waorma kwa jina lao wenyewe, Wasanye, Wadahalo. Wapokomo, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, nao wana kumbukumbu zao za Liyongo. Hao wote ni majirani hadi leo. Mwaka 2012 na 2013 damu ilimwagika katika delta hii kati ya Wapokomo na Waorma, na sikusikia mtu akiutaja utendi ambamo shujaa wa pwani ni mkwe wa wafugaji. Wadahalo ndio walio hatarini zaidi: lugha yao, ya jamii ya Kikushi lakini yenye sauti za kudoa zinazofanana na zile za Wakhoisani wa kusini mwa Afrika, imebakiwa na wazungumzaji wachache mno. Mwanafunzi anayesoma jina lao katika utendi hajui kwamba bado wapo.

Wanaoogopa safari hii wana sababu. Barabara za upande wa Lamu hazikuwa shwari tangu shambulio la Mpeketoni la mwezi wa Juni 2014, na shule isiyouliza hali ya usalama kabla ya kupakia watoto garini inakosa. Anayekwenda ajue pia kwamba mto anaouona si ule aliouona Liyongo. Mto Ozi ulikuwa na mkondo wake peke yake. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na Tana, na baadaye Tana, katika mafuriko yake, ikauhama mkondo wake wa zamani na kupita huko hadi baharini Kipini. Kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la Liyongo liko upande wa Ozi, na wenyeji huwaonyesha wanaouliza.