Christophe: Alifua foki ya baiskeli kwa mikono yake, bado akalimwa adhabu

FIKIRIA kipa anachanika glovu dakika ya 60. Refa anamwambia atafute sindano na uzi, akae pembeni ya goli ashone mwenyewe, mtu yeyote asimguse, na mpira unaendelea kupigwa langoni kwake. Mashabiki wangeng'oa viti.

Kwenye mbio za baiskeli za zamani, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Baiskeli ikikuharibikia ni juu yako. Utaitengeneza mwenyewe kwa unachokipata barabarani, na ukisaidiwa hata kidogo unakatwa muda. Waliolizwa na sheria hiyo ni wengi, lakini hakuna aliyelizwa kama Mfaransa Eugène Christophe.

Jamaa hakuwahi kutwaa ubingwa wa Tour de France. Alishiriki mara 11, akamaliza mara nane, na mara mbili alikuwa na kombe mkononi kabisa kabla chuma hakijamsaliti. Lakini jina lake linatajwa mpaka leo kuliko la mabingwa kibao waliompiga.

FUNDI KUFULI WA MALAKOFF

Christophe alizaliwa Januari 22, 1885, Malakoff, pembeni kidogo ya jiji la Paris. Kabla ya kuwa staa wa baiskeli alijifunza ufundi wa kufuli. Kazi yake ilikuwa kukata chuma, kupiga tupa, kupasha moto, kugonga na kuunganisha. Hakujua kuwa ufundi huo ungekuja kumfaa siku moja akiwa milimani, mbali na nyumbani.

Tour yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1906 na akamaliza wa tisa. Si mbaya kwa kijana wa miaka 21. Kwenye mbio za baiskeli za matopeni na vichakani ndiyo usiseme, alibeba ubingwa wa Ufaransa mara sita mfululizo, kuanzia 1909 hadi 1914.

Washikaji walimwita Cri-Cri. Baadaye, kwa sababu ya masharubu yake makubwa, akabatizwa Mgallia Mzee, yaani kama wale watu wa kale wa Ufaransa wanaochorwa na masharubu yaliyoning'inia.

Dunia ilimjua vizuri Aprili 3, 1910, kwenye mbio za Milan–San Remo nchini Italia. Siku hiyo theluji ilimwagika kwenye mlima wa Turchino mpaka barabara haionekani. Christophe aliganda, akashindwa hata kuendelea, akaokolewa na mtu aliyemwingiza kwenye nyumba ya wageni akamfunika blanketi. Alipowaona wenzake wakipita nje wamejaa tope, akainuka, akaomba suruali, akarudi barabarani.

Akashinda. Alitumia saa 12 na dakika 24, na mshindi wa pili alikuja zaidi ya saa nzima baadaye. Walioorodheshwa kumaliza ni wanne tu. Yeye mwenyewe alilazwa hospitali mwezi mzima na ilimchukua muda mrefu kurudi kwenye ubora wake.

POINTI ZIKAMNYIMA

Mwaka 1912 akaibuka moto. Alishinda hatua tatu mfululizo za Tour, ikiwemo ile ya kuingia Grenoble ambayo alitoroka kundi na kukimbia peke yake kwa kilomita 315. Soma tena hapo, kilomita 315 peke yake.

Ishu ni kwamba miaka hiyo bingwa alipatikana kwa pointi za nafasi na sio kwa saa. Ukishinda kwa nusu saa au ukishinda kwa tairi, pointi ni zilezile. Mbelgiji Odile Defraye akachukua ubingwa, Christophe akawa wa pili. Mwaka uliofuata waandaaji wakabadili, wakarudi kwenye saa. Kila mtu akajua sasa ni zamu ya fundi kufuli.

SIKU YA TOURMALET

Julai 9, 1913. Hatua ya sita, kutoka Bayonne kwenda Luchon, kilomita 326 kupita milima ya Pyrenees. Defraye alikuwa anaongoza na Christophe anamfuata kwa dakika chache tu. Siku hiyo Defraye akakata pumzi mapema na mwisho akajitoa. Maana yake Christophe ndiye alikuwa bosi mpya wa mashindano. Kilichobaki kilikuwa kushuka Tourmalet salama na kulinda uongozi.

Akiwa anateremka akasikia usukani umelegea. Kuangalia, foki imekatika.

Kwa asiyejua mambo ya baiskeli, foki ni ile sehemu ya mbele inayoshika gurudumu na kuunganika na usukani. Cheni ikikatika unaweza kuunga. Tairi likipasuka unaziba. Foki ikikatika huna baiskeli, una vyuma viwili.

Leo gari la timu lingekuwa nyuma yake na angepewa baiskeli nyingine ndani ya sekunde chache. Mwaka 1913 hakukuwa na hiyo. Christophe alibeba baiskeli begani, gurudumu mkononi, akaanza kushuka mlima kwa miguu. Alitembea zaidi ya kilomita 10 huku wale aliowaacha juu wakimpita mmoja baada ya mwingine. Machozi yalimtoka njiani.

Akafika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan. Pale kulikuwa na karakana ya mhunzi aliyeitwa Lecomte. Mhunzi yule alikuwa tayari kuifunga kazi yote mwenyewe, lakini maofisa wa mbio walikuwa wameshafika, wamesimama mlangoni. Kwenye msafara wao walikuwemo pia watu wa kampuni pinzani za baiskeli, wenye kila sababu ya kutaka aharibikiwe. Ujumbe ulikuwa mmoja, mhunzi asiguse kitu. Kutoa maelekezo kwa mdomo, sawa. Mkono, hapana.

MOTO, NYUNDO NA MTOTO WA VIRIBA

Hapo ndipo ule ufundi wa Malakoff ulipofanya kazi. Christophe akachukua chuma pale karakanani, akakipasha mpaka kikawa chekundu, akakigonga, akakipunguza, akakijaribisha kwenye foki, akakirudisha tena motoni. Kila kipimo kilikuwa cha macho. Foki ikikaa upande kidogo tu, baiskeli haiendi moja kwa moja, na mbele yake bado kulikuwa na milima miwili ya kupanda na kuteremka, Aspin na Peyresourde. Chuma kikiachia kwenye mteremko, anakufa.

Lakini kufua chuma si kazi ya mikono miwili. Mkono mmoja unashika kipande, wa pili unashika nyundo, na moto nao unataka mtu wa kuvuta viriba ili usipoe. Mtoto mmoja pale karakanani akamsaidia kupuliza moto.

Kazi ilichukua kama saa tatu. Inasimuliwa kwamba maofisa wale walichoka kusubiri, wakaomba wakatafute chakula kidogo, na fundi aliyejaa masizi usoni akawajibu kuwa kama wana njaa wale makaa. Yeye alikuwa mfungwa wao, kwa hiyo na wao wangebaki hapo kumlinda.

Alipomaliza akapanda baiskeli yake akaondoka. Aliingia Luchon karibu saa nne nyuma ya mshindi wa siku, Mbelgiji Philippe Thys. Halafu maofisa wakamwongezea dakika 10 za adhabu. Kosa lake? Yule mtoto wa viriba. Baadaye adhabu ikashushwa hadi dakika tatu, lakini kwa mtu aliyepoteza karibu saa nne ilikuwa haina maana tena.

Thys akawa bingwa mjini Paris. Christophe alimaliza wa saba. Ukiondoa siku ile moja, ni ngumu kuona nani angemzuia.

JEZI YA NJANO YA KWANZA DUNIANI

Vita Kuu ya Kwanza ikaja, mbio zikasimama, na Christophe akatumikia jeshi kwenye kikosi cha wapanda baiskeli. Tour iliporudi mwaka 1919 alikuwa na miaka 34. Barabara zilikuwa zimechimbika kwa mabomu, matairi hayapatikani, vyakula vya shida. Walioanza walikuwa 67. Waliofika Paris walikuwa 11.

Christophe alikamata uongozi mapema, tangu hatua ya nne. Tatizo ni kwamba waandishi na mashabiki wa barabarani walikuwa hawamtambui kiongozi kwenye kundi. Bosi wa mashindano, Henri Desgrange, akaja na wazo la kumvalisha kiongozi jezi ya rangi yake peke yake. Rangi ikawa njano, sawa na karatasi za gazeti la L'Auto lililoandaa mbio hizo.

Julai 19, 1919, mjini Grenoble, Christophe akawa mtu wa kwanza kuanza hatua ya Tour akiwa na jezi ya njano. Wenyewe mnaijua, ni jezi ambayo leo kila mpanda baiskeli duniani anaiota. Yeye hakuifurahia sana. Watu walimtania barabarani kwa kumfananisha na yule ndege mdogo wa njano wa kufugwa.

Zikabaki hatua mbili. Christophe alikuwa mbele kwa dakika 28 dhidi ya Mbelgiji Firmin Lambot. Kwa lugha ya mpira, unaongoza 3-0 dakika ya 85 nyumbani.

Hatua ya 14 ilikuwa kutoka Metz hadi Dunkirk, kilomita 468, nyingi zikiwa barabara za mawe. Karibu na Valenciennes, foki ikakatika tena.

Stori ikawa ileile. Akatafuta karakana, akawasha moto, akatengeneza mwenyewe. Safari hii hakutembea mbali na kazi ilimchukua zaidi ya saa moja, lakini jumla ya muda alioupoteza siku hiyo ilikuwa kama saa mbili na nusu. Dakika 28 zikayeyuka, jezi ya njano ikaenda kwa Lambot, na Christophe akamaliza wa tatu, nyuma ya Lambot na Jean Alavoine.

MASHABIKI WAKAAMUA

Hapo Wafaransa wakachoka. Gazeti la L'Auto likafungua mchango na watu wakaanza kutuma pesa, wengine kidogo sana, wengine za kutosha. Orodha ya majina ya waliochanga ilijaza kurasa na kurasa. Waandaaji nao wakaamua kumpa zawadi sawa na ya bingwa. Mwisho wa siku, mshindi wa tatu aliondoka na mkwanja mnene kuliko aliyeshinda.

Pesa ni pesa, lakini kombe ni kombe. Christophe hakuacha. Mwaka 1920 alishinda Bordeaux–Paris na Paris–Tours, na 1921 akaichukua tena Bordeaux–Paris.

Mwaka 1922 akarudi kwenye Tour na, amini usiamini, akavaa tena jezi ya njano akiwa na miaka 37. Mpaka leo hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyewahi kuivaa. Alipofika mlima Galibier kwenye Alps, unaweza kukisia. Foki ikakatika kwa mara ya tatu. Alimaliza wa nane.

Mwaka huohuo sheria ileile ilimla mwingine. Mbelgiji Hector Heusghem alikuwa anaongoza, baiskeli yake ikaharibika, akabadili na nyingine, akapigwa saa nzima ya adhabu. Aliyenufaika ni yuleyule Lambot. Ndiyo, jamaa ana mataji mawili ya Tour, 1919 na 1922, na yote mawili yamepatikana baada ya baiskeli ya mwingine kukatika. Sio kosa lake. Yeye alipedali mpaka mwisho na baiskeli yake ikakubali, na huo nao ni ubingwa.

JINA LIKABAKI MGUUNI

Tour ya mwisho ya Christophe ilikuwa 1925, akiwa na miaka 40, na alimaliza wa 18. Baada ya hapo jina lake likaingia madukani. Ile mikanda na vishikio vya kubana mguu kwenye pedali, ambavyo wapanda baiskeli wa kizazi kizima walivitumia kabla ya viatu vya kisasa vinavyojifunga vyenyewe, viliuzwa kwa jina la Christophe. Wengi waliovifunga kila asubuhi walidhani ni jina la kiwanda tu.

Sheria za ukali ule zilikufa taratibu. Leo mchezaji akipata pancha anainua mkono tu na gari linafika. Fundi anashuka na gurudumu, anambadilishia, anamsukuma, maisha yanaendelea.

Christophe alifariki Februari 1, 1970, jijini Paris, akiwa na miaka 85. Pale Sainte-Marie-de-Campan kuna kibao cha kumbukumbu na sanamu yake akiwa ameinua foki juu. Wanaopanda Tourmalet kwa baiskeli husimama hapo kupiga picha. Cha ajabu, kwenye mlima huo Thys aliyeshinda siku ile hana sanamu. Aliyewekewa ni yule aliyefika amechelewa karibu saa nne, mikono imejaa masizi, na dakika tatu za adhabu ya mtoto aliyepuliza moto.