Zheng He, Mateka Aliyekuwa Amiri wa Bahari

Sisi tukaao Mbinga na ufukoni mwa Nyasa tumesikia kwa wazee habari za watoto waliotekwa, wakachukuliwa Kilwa, wasirudi tena. Leo nitawasimulia habari za mtoto mwingine aliyetekwa mbali sana na huku, katika nchi ya Uchina, lakini habari zake zinafika mpaka pwani yetu.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1371 huko Yunnan, jimbo la milima lililokuwa bado mikononi mwa Wamongoli. Jina lake lilikuwa Ma He. Jamaa zake walikuwa Waislamu. Baba yake na babu yake wote wawili waliitwa Haji. Mwaka wa 1381 majeshi ya wafalme wapya, wa nasaba ya Ming, wakaingia Yunnan. Baba yake akafa katika vita ile, na mtoto akatekwa, akahasiwa, akafanywa towashi, kama yule Mkushi tumsomaye katika Matendo ya Mitume. Kisha akapewa Zhu Di, mwana wa mfalme, aliyelinda mpaka wa kaskazini.

Hapo ndipo penye jambo la kustaajabisha. Mtoto huyu akawa mwaminifu kwa nyumba ile ile iliyomwangamiza baba yake. Wako watakaomlaumu. Mimi naona ya kuwa mtoto wa miaka kumi hakuachiwa nyumba nyingine.

Mwaka wa 1399 Zhu Di aliinuka kupigana na mwana wa kaka yake aliyekuwa mfalme, na mwaka wa 1402 akamnyang'anya kiti. Towashi wake alipigana kwa ushujaa, na mwaka wa 1404 akapewa jina jipya la Zheng. Huyo mfalme, ambaye watu humwita Yongle, alitamani mataifa yote yamkiri kuwa mfalme wa haki, maana alijua jinsi alivyokipata kiti chake. Basi akaamuru merikebu ziundwe, akamweka Zheng He juu yake.

Mwaka wa 1405 zikatweka merikebu kubwa 62 pamoja na vyombo vidogo vingi, zenye watu zaidi ya 27,000. Miaka 87 baadaye Columbus alivuka bahari na vyombo vitatu tu! Safari zilikuwa saba, hata mwaka wa 1433. Walitoka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, wakiungoja upepo miezi mingi bandarini, kama wavuvi wetu wa Mbamba Bay wanavyongoja mwera utulie. Walichukua hariri na vyombo vya kauri, wakaleta pilipili, vito na wanyama.

Tusidhani ya kuwa alitoa zawadi tu. Mwaka wa 1407 alimkamata haramia Chen Zuyi huko Palembang, akampeleka Nanjing akauawa. Huko Ceylon alipigana na mfalme wa nchi, na mwaka wa 1411 akamfikisha Uchina yeye na jamaa yake; Yongle akawaachilia. Aliyetekwa utotoni sasa aliteka wengine.

Mwaka wa 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga. Wachina walikuwa na hadithi za kale za mnyama mtakatifu aitwaye qilin, aonekanaye wakati wa mfalme mwenye haki. Na mfalme mwenyewe akatoka mpaka langoni kumpokea twiga. Nani angedhani ya kuwa mnyama alaye majani ya migunga yetu angetumika kumshuhudia mnyang'anyi wa kiti? Kisha, katika safari iliyoanza mwaka wa 1417, wajumbe wale walirudishwa kwao, na merikebu zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Yongle akafa mwaka wa 1424. Washauri wa mfalme walikuwa wakinung'unika siku nyingi: hazina imekwisha kwa vita vya Annam, kwa kuujenga mji wa Beijing, kwa kuwazuia Wamongoli, na tena kwa merikebu, nao waliwachukia matowashi. Mwanawe akazizuia safari. Mjukuu wake aliruhusu moja tu, ya mwaka wa 1431, na Zheng He, mzee wa miaka 60, akatweka tena. Akafa yapata mwaka wa 1433. Merikebu zikaachwa kuoza. Na sheria ya kuwakataza raia biashara ya ng'ambo ikadumu, hata mwaka wa 1567 ndipo ilipolegezwa. Wareno walipofika Malindi mwaka wa 1498, hawakukuta merikebu moja ya mfalme wa Uchina.

Liko kaburi lake karibu na Nanjing, nalo ni tupu. Lakini mwaka wa 2010 wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta katika udongo wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, sarafu ndogo yenye tundu la mraba katikati, imeandikwa jina la Yongle.