Louis Leakey: Mtoto wa Kabete aliyechekwa kwa kuokota mawe

Krismasi moja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mtoto wa mmishonari pale Kabete, nje kidogo ya Nairobi, alipata zawadi ya kitabu kutoka kwa ndugu yake Uingereza. Kilisimulia watu wa kale waliochonga visu na vichwa vya mishale kwa gumegume.

Louis Leakey, aliyezaliwa hapo Kabete tarehe 7 Agosti 1903, hakuwa amewahi kuliona gumegume. Basi akawa anaokota kila kipande cheusi chenye makali alichokikuta barabarani au shambani, akidhani ndilo.

Halikuwa gumegume hata kidogo. Ilikuwa obsidiani, yaani kioo cha volkano kinachotokea lava ikipoa haraka, na Bonde la Ufa limejaa hicho kitu. Nyumbani walimtania kwamba anakusanya chupa zilizovunjika. Wakikuyu, ambao alicheza nao, akajua lugha yao na kupitia jando pamoja nao, walivijua vipande hivyo tangu zamani kama nyembe za mizimu.

Kijana akajipa moyo, akampelekea vipande vyake Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi. Huyo hakucheka. Alimwambia baadhi ni zana kweli, zimechongwa na binadamu. Louis alikuwa na miaka kama 13 tu, na hapo maisha yake yakapata njia.

Ile bahati ya kuokota jiwe lisilo lenyewe ilikuja kumlipa. Mwaka 1931 alikwenda Olduvai, Tanganyika, pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyechimba pale mwaka 1913 na kusema hakuna zana za mawe. Leakey akaweka dau la pauni 10 kwamba atapata ndani ya saa 24. Akashinda mapema kabisa. Kumbe Reck alikuwa akitafuta gumegume kama la Ulaya, wakati watu wa Olduvai walichonga mawe waliyokuwa nayo, kama basalti na kwatzi.

Lakini jamaa alikuwa na haraka. Mwaka 1932 kundi lake lilipata kipande cha taya huko Kanam, karibu na Ziwa Victoria, naye akatangaza kwamba ni cha binadamu wa kale sana. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, akasafiri kutoka Uingereza akaone mahali penyewe. Leakey akashindwa kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyoweka kama alama vilikuwa vimechukuliwa, na ramani hakuwa amechora vizuri. Aibu hiyo ilimfuata miaka mingi, na kusema kweli aliitafuta mwenyewe. Jiwe au mfupa usiojulikana umetoka wapi hauna kazi kwa mtafiti.

Nyumbani nako kulikuwa na doa. Alimwacha mkewe Frida akiwa na watoto wawili wadogo, na mwaka 1936 akamuoa Mary Nicol, ambaye naye utotoni aliokota zana za mawe Ufaransa akiwa na baba yake. Sifa yake Cambridge ikaharibika.

Yeye na Mary walipata wavulana watatu, Jonathan, Richard na Philip, nao walikulia kwenye mahema na mashimo ya wazazi wao. Isidhaniwe ilikuwa pikiniki. Richard akiwa na miaka 6, huko Kanjera, alichoka na jua, nzi na kiu, akalia. Baba akamfukuza akatafute mfupa wake mwenyewe. Mtoto akaenda, akauona kweli, akaanza kuchimba taratibu. Wazazi walipogundua ni taya la nguruwe mkubwa aliyetoweka zamani, walimsogeza pembeni, wakaendelea wao. Uchungu huo Richard hakuusahau. Alipokua aliapa hafanyi kazi ya wazazi, akaingia biashara ya safari.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa amelala kambini na homa, Mary ndiye aliyeona fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, lililoifanya familia ijulikane dunia nzima. Mwaka uliofuata Jonathan, bado kijana, akapata taya lililokuja kuitwa Homo habilis.

Richard naye kiapo kikamshinda. Akarudi kwenye mifupa, lakini kwa masharti yake, huko Koobi Fora mashariki mwa Ziwa Turkana. Baba na mtoto walivutana miaka kadhaa, hata juu ya makumbusho ya Nairobi.

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa timu ya Richard, aliona vipande vya fuvu lililopewa namba 1470. Mwishoni mwa Septemba Richard akampelekea baba yake fuvu hilo likiwa limeunganishwa. Mzee alilishika kwa furaha, maana lilionekana kuunga mkono alichobishania maisha yake yote, kwamba Homo ni wa kale kuliko wengi walivyodhani. Safari hii hakumsogeza mtu pembeni.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba, Louis Leakey alifariki London kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.