Geoffrey Spicer-Simson

Geoffrey Basil Spicer-Simson (Hobart, Tasmania, 15 Januari 1876 – Kanada, 29 Januari 1947) alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, anayejulikana hasa kwa mapigano ya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwaka 1915 alisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini, kisha kwa reli, kwa kukokotwa porini na kwa mto Lualaba hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba aliteka meli ya Wajerumani Kingani. 9 Februari 1916 ilizamishwa Hedwig von Wissmann.

Ikabaki Graf von Goetzen, kubwa kupita zote. Hiyo alikataa kuishambulia. Juni 1916 Wabelgiji waliishambulia bandarini Kigoma kwa ndege za kutua majini walizoazimwa na Waingereza, lakini haikuzama. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai. Baadaye iliopolewa, ikaitwa Liemba.

Juni hiyohiyo Spicer-Simson alifika Bismarckburg (leo Kasanga, mkoani Rukwa), bandari ya Ufipa. Askari wa Uingereza walikuwa wanakuja kwa nchi kavu. Yeye alipaswa kufunga njia ya maji. Alipoliona boma aliogopa mizinga yake, akarudi nyuma, na Wajerumani wakatoroka kwa mashua. Jambo hilo liliharibu sifa yake.

Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, mjini Monaco.